Meno Mawili ya Dieudonne

Jumanne, tarehe 10 Machi 1992, saa mbili na dakika kumi asubuhi, joto la mtoto Aurélie, mwenye umri wa miezi sita, lilikuwa nyuzi 39.4. Ufizi wake wa chini ulikuwa na vivimbe viwili vyeupe, kimoja kila upande, mahali ambapo meno ya chonge yangeota baada ya mwaka mmoja hivi. Jino lenyewe halikuwapo bado, hata moja.

Aliyeyaandika hayo ni Enoka, tabibu wa meno. Kila Jumanne alitoka kwake Shanwe, mjini Mpanda, akaja kwa pikipiki hadi kituo cha afya cha makazi ya Katumba, walikokaa Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 pamoja na watoto wao waliozaliwa huku. Alipewa chumba cha mwisho barazani. Kilikuwa na kiti cha mbao chenye pa kuegemeza kichwa, beseni, na trei ya koleo zilizochemshwa. Watu walifika kwake shavu likiwa limekwisha kuvimba. Katika miaka mitatu hakuwahi kumpokea mtu aliyekuja kwa sababu meno yake ni mazima na anataka yabaki hivyo. Wala hakuwahi kuletewa mtoto asiye na jino.

“Mama, foleni ya homa iko kule kwa Nesi Dorotea,” alimwambia mwanamke aliyempakata mtoto.

“Naijua. Nimekuja kwako.”

“Nitamfanyia nini mtoto asiye na meno?”

“Anayo. Ya plastiki, mawili. Nataka unitolee wewe.”

Mwanamke huyo aliitwa Athanasie, umri miaka ishirini na mitatu. Mumewe, Libérat, alikuwa kwenye bani akilinda moto wa kukaushia tumbaku, na moto huo haukuachwa siku tano mfululizo. Nje, kwenye benchi, alikaa mama wa Libérat, Séverine, mikono juu ya magoti, akiutazama mlango.

Enoka alijua habari za meno ya plastiki. Mwaka uliotangulia alikagua vinywa vya wanafunzi 212 wa shule moja ya msingi, na 38 kati yao walikosa chonge moja au zaidi, au chonge zao ziliota zikiwa zimepinda na zenye madoa ya kahawia. Kila alipouliza nyumbani, jibu lilikuwa lilelile. Mtoto alipokuwa mchanga alipata homa na kuhara, ufizi ukaonekana una uvimbe mweupe, mtaalamu akaitwa, akachimbua meno ya plastiki. Imani hiyo haikuwa ya kabila moja. Wenyeji walikuwa nayo, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini walikuwa nayo, na Warundi nao waliipokea. Ilikuwa na msingi wa kuonekana kwa macho: umri ambao mtoto huanza kuugua malaria na kuhara ndio umri ambao jino la chonge huusukuma ufizi kutoka ndani. Mambo mawili yalitokea pamoja, na watu wakaamini kwamba moja limeleta jingine.

“Hivyo ni vichwa vya meno yake mwenyewe,” alisema. “Vikitolewa hataota chonge. Na jino la ukubwani lililo chini yake litaharibika. Homa inatoka kwingine.”

“Daktari, mimi si mjinga.”

“Sijasema hivyo.”

“Nilikuwa na mtoto wa kwanza, Dieudonne. Aliugua Mei, mwaka juzi, akiwa na miezi saba. Alitolewa meno siku ya nne ya homa, akafa siku ya sita. Wote wakasema tumechelewa. Leo Aurélie ana siku ya pili.” Alimhamisha mtoto bega. “Bibi Romana atakuja kwangu saa tisa na spoku yake ya baiskeli. Nimesikia nyie vyombo vyenu mnavichemsha. Ndiyo maana nimekuja hapa kwanza. Usipotoa wewe, atatoa yeye.”

Hesabu ya mwanamke huyu ilipangika vizuri. Kosa lake lilikuwa kwenye kitu kilichohesabiwa.

“Ulijuaje kwamba ya Dieudonne yalikuwa ya plastiki?”

Athanasie alifungua fundo la kitenge chake akatoa kopo dogo lililowahi kuwa la mafuta ya mgando. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi, na ndani ya karatasi vitu viwili vidogo, vyeupe kwa rangi ya maziwa, kila kimoja kikubwa kama punje ya mtama. Romana alimpa siku ile ili aone kwa macho yake kwamba kweli yalikuwamo. Alikuwa ameyaleta leo kumwonyesha tabibu kitu anachotaka kitolewe.

Enoka alivigeuza chini ya kioo cha kukuzia. Kila kimoja kilikuwa kama kofia nyembamba yenye ncha, na uwazi ndani. Kofia ya jino la chonge la mtoto wa miezi saba, ambalo mzizi wake haujaanza kujengwa. Hakuwa na shaka nalo hata kidogo. Lakini kutokuwa na shaka kwake hakukuwa na thamani kwa mtu aliyekaa mbele yake.

“Nikikuambia ni jino, utaniamini?”

“Romana amesema ni plastiki. Nawe unasema ni jino. Nyie wawili hamkuzaa huyu mtoto.”

“Plastiki ikiwekwa motoni inafanya nini?”

“Inayeyuka.”

“Na jino?”

Enoka alimweleza kwamba meno aliyoyang'oa hapo kituoni yalitupwa kwenye shimo la kuchomea taka, na Jumanne iliyofuata alikuwa akiyakuta kwenye majivu, meusi au ya kijivu, lakini yakiwa meno. Kisha akamweleza lililobaki. Jino likishachomwa halitarudi kuwa kama lilivyo sasa. Hajawahi kuchoma jino changa namna hiyo. Ni jembamba, linaweza kupasuka.

“Hayo ndiyo yaliyobaki ya mtoto wako,” alisema. “Sikuombi uyatoe. Nakueleza tu kwamba kipimo kipo.”

Athanasie aliyatazama yale mawili kwa muda. “Moja,” alisema. “Na Bibi Romana aitwe aone. Na mabukwe aone.” Ndivyo alivyomwita mama mkwe wake.

“Tukimngoja, mtoto achukuliwe damu.”

Aliitikia kwa kichwa.

Saa nne kasorobo mtoto alichomwa kidole. Saa tano kasoro dakika kumi majibu yalirudi kutoka chumba cha darubini: vijidudu vya malaria, alama tatu za kujumlisha. Kwa kuwa mtoto alikuwa akitapika kila alichopewa, Nesi Dorotea alitayarisha kwinini ya sindano. Hapo Séverine aliinuka kwenye benchi kwa mara ya kwanza.

“Hapana, nesi. Mtoto mwenye meno ya plastiki hachomwi sindano. Sindano inamwua. Hata huko mjini wanajua.”

“Mama, vijidudu vimeonekana.”

“Vya kwenu. Mimi naona vya mdomoni.” Alimgeukia Athanasie. “Mama Dieudonne, mukazana wangu, tusirudie ya mwaka juzi.”

Karibu miaka miwili baada ya mazishi, bado alimwita mukazana, yaani mkaza mwana wake, kwa jina la mtoto aliyekufa. Athanasie hakumtazama. “Tungoje moto, mabukwe,” alisema. “Baada ya moto tutajua.”

Dorotea aliirudisha sindano kwenye trei, akaifunika kwa kitambaa, akaanza kumpangusa mtoto kwa maji. Enoka alipopita karibu yake, Dorotea alimnong'oneza, “Na likipasuka?”

“Nitasema limepasuka.”

“Watasema limeyeyuka.”

“Najua.”

Romana alifika saa sita. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu kutoka kijiji jirani, amevaa safi, na mfuko wa ngozi begani. Aliwasalimia wote mmoja mmoja, akauliza habari za bani la Libérat, akampapasa mtoto tumbo kwa mkono mwepesi wa mtu aliyezoea watoto. Kisha akamgeukia Enoka.

“Kwa hiyo wewe ndiye daktari wa meno anayekataa kutoa meno.”

“Natoa yaliyooza.”

“Una watoto wangapi?”

“Sina bado.”

“Haya. Mimi ninao saba. Na niliowatoa plastiki wamepita mia. Wananisalimia njiani.”

“Na waliokufa?”

“Hao waliletwa wamechelewa.”

“Wote?”

“Wote,” alisema Romana, bila hasira. Enoka aliona kwamba hadanganyi. Alikuwa akisema alichokiona: aliyepona alimhesabu kuwa wake, aliyekufa akamhesabu kuwa wa waliochelewa, na hakuna mtoto aliyebaki nje ya hesabu hiyo kumpinga.

Walikwenda nyuma ya kituo, kwenye jiko la mkaa la kuchemshia vyombo. Dorotea alibaki barazani na mtoto, mahali wanapoonekana. Enoka alichukua kijiko cha chuma, akatoa kwenye droo mswaki mweupe aliotumia kuwafundishia watoto wa shule, akakata kwa koleo kipande cha mpini chenye ukubwa wa punje ya mtama. Alikipitisha kwa Romana na Séverine wakishike.

“Hii ni nini?”

“Plastiki,” alisema Romana. “Hata mtoto anajua.”

Alikiweka kijikoni na kijiko juu ya makaa. Kipande kililainika, kikapoteza pembe zake, kikatandaa kama tone la mafuta, kisha kikashika moto wa njano wenye moshi mweusi. Harufu yake iliwafanya wote warudi nyuma hatua moja. Kilichobaki kilikuwa doa jeusi lililoganda kwenye chuma. Enoka alilikwangua, akakisugua kijiko kwa mchanga, akakisuuza na kukikausha, Romana akimtazama kila alichofanya.

Athanasie alifungua karatasi. Alichukua muda kuchagua kati ya vitu viwili visivyotofautiana. Aliyechagua ni yeye na aliyeweka kijikoni ni yeye. Enoka alishika mpini tu.

Kwa nusu dakika hakikutokea kitu. Kisha moshi mwembamba ulipanda, na harufu ikaja, ya kwato au nywele zilizoungua. Kitu kile kikawa cha kahawia, kikawa cheusi. Kikatoa mlio mmoja mdogo, na mstari wa ufa ukaonekana upande mmoja. Enoka hakukiondoa. Alihesabu dakika tano kwa saa yake ya mkononi. Weusi ulianza kufifia kutoka kwenye ncha ukawa kijivu. Umbo halikubadilika. Ilikuwa ileile kofia yenye ncha, na ufa mmoja.

Alikiweka kijiko juu ya tofali kipoe.

“Limepasuka,” alisema. “Halikuyeyuka.”

Romana aliinama akakitazama kwa makini. “Plastiki ya mwilini si ya mswaki,” alisema. “Hiyo ni ya viwandani. Ya mwilini ina nguvu zake.”

“Ulisema hata mtoto anaijua plastiki.”

“Ya viwandani, ndiyo.”

Athanasie alikuwa hawasikilizi. Alikigusa kitu kile kwa ukucha, akakigonga kwenye kijiko. Kilitoa sauti ya kitu kigumu. Akakiweka kwenye kiganja karibu na kile ambacho hakikuchomwa, akavilinganisha ncha kwa ncha.

“Ni jino,” alisema.

Akamgeukia Enoka.

“Kama lilikuwa jino lake, alikufa kwa nini?”

Kabla hawajaja jikoni, Enoka alikuwa amefungua daftari la wagonjwa la Mei 1990. Alisema yaliyomo na hakuongeza. “Tarehe 14 Mei Dieudonne alipimwa hapa akaonekana ana malaria, akapewa dawa ya maji ya siku tatu. Je, aliimaliza?”

“Siku moja. Alitapika. Tukaambiwa ni plastiki, dawa haiwezi kukaa.”

“Baada ya kutolewa meno alinyonya?”

“Hakunyonya tena. Mdomo ulivimba. Damu ilikuwa inatoka kidogokidogo.”

“Basi alikuwa na malaria isiyotibiwa, na kidonda mdomoni, na hakunyonya siku mbili. Ni lipi lililomwua, sikuwapo. Siwezi kusema nisilolijua.”

Séverine alikuwa amesimama ukutani. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili, ingawa mkwewe, aliyekuwa akimwambia, alijua Kirundi. “Mimi ndiye niliyemshika kichwa siku ile.”

Athanasie alikunja karatasi. Jino lililoungua alilifunga peke yake kwenye kipande cha pamba alichopewa na Enoka, akayaweka yote kwenye kopo, akalifunga kopo kwenye fundo la kitenge. Kisha akatembea hadi barazani.

“Nesi,” alisema, “mchome.”

Dorotea alimchoma Aurélie sindano ya kwanza ya kwinini kwenye paja saa saba kasoro dakika ishirini. Romana hakuondoka. Alikaa mwisho wa benchi, mfuko wake magotini, kama mtu aliyekuja kumsubiri ndugu.

Saa kumi kasoro robo mtoto alipata degedege. Macho yaligeuka, mikono ikakakamaa, taya likafunga. Ilikwisha kwa dakika mbili, lakini dakika hizo zilitosha kwa kila mtu barazani kukumbuka maneno ya asubuhi. Dorotea alimgeuza mtoto ubavu, akamwekea maji ya sukari kwa mpira wa puani.

“Nilisema,” alisema Romana. Hakuinua sauti. “Mtoeni hapa, nimtoe hayo meno kabla jua halijashuka. Bado inawezekana.”

Séverine alimtazama mkwewe. Libérat alikuwa mbali, na kwa desturi ya nyumba yao neno lilikuwa la Séverine. Athanasie naye alimtazama.

“Mabukwe, sema wewe.”

Mama huyo mzee alisogea hadi kwenye kitanda, akaweka mkono chini ya kisogo cha mtoto, palepale mkono unapowekwa kichwa kinaposhikwa. Akakaa hivyo.

“Romana,” alisema, “nenda nyumbani, dada yangu. Leo sishiki.”

Romana alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akawaaga wote, akaondoka. Enoka, ambaye kawaida alianza safari ya kurudi Shanwe saa tisa, aliondoka saa kumi na moja na nusu. Mtoto alikuwa amepumua bila degedege kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joto lilikuwa nyuzi 38.9.

Yaliyofuata yameandikwa kwenye kadi kwa mkono wa Dorotea. Tarehe 11, degedege moja, alfajiri. Tarehe 12, amenyonya mara tano. Tarehe 13, joto nyuzi 37.1. Tarehe 16, vijidudu havionekani, ameruhusiwa. Pembeni ameandika: ufizi mzima.

Habari haikubadilisha makazi. Mwezi wa Aprili Enoka alipokea watoto wawili wenye vidonda vya kuchimbuliwa, mmoja wao kutoka kwa Romana, na Juni mmoja mwingine. Wa Juni alikufa. Alianza kuandika kila mmoja kwenye daftari tofauti: umri, siku ya homa, majibu ya damu, nani alichimbua. Mbele ya kila jina aliacha nafasi ya kuandika kama mtoto alikuwa na malaria. Nafasi hizo alizijaza zote. Kwenye mikutano ya vijiji alibeba mswaki mweupe, kijiko, na meno aliyoyang'oa kwa watu wazima, kwa kuwa ya Dieudonne hakuyaomba. Baadhi ya watu walicheka. Mzee mmoja alimwuliza kama serikali imekosa mkaa wa kupikia ugali hadi ichome meno. Wanawake wawili walikuja baadaye, kila mmoja peke yake, na makopo yao.

Jumanne, tarehe 23 Machi 1993, saa tatu asubuhi, Athanasie aliingia chumba cha mwisho barazani. Mtoto hakuwa na homa. Nyuma yake aliingia Séverine, akimshika Aurélie mkono, kwa sababu Aurélie sasa alikuwa akitembea.

“Foleni ya homa iko kule,” alisema Enoka.

“Hana homa,” alisema Athanasie. “Tumekuja kwa meno.”

Enoka alimkalisha mtoto kwenye kiti cha mbao, mapajani mwa bibi yake, akaelekeza taa. Meno ya mbele ya kukatia yalikuwapo manane. Magego ya kwanza manne yalikuwapo. Upande wa chini kushoto, ufizi ulikuwa umefunguka, na ncha nyeupe ya jino la chonge ilionekana, urefu wa milimita mbili. Upande wa kulia ufizi ulikuwa umeinuka, haujafunguka. Aliandika yote kwenye kadi pamoja na tarehe.

“Limetoka moja,” alisema. “La pili linafuata.”

“Naweza kugusa?” aliuliza Séverine.

“Osha mikono.”

Alinawa kwenye beseni kwa sabuni, vidole vyote, mara mbili. Akakaa tena, akamwegemeza mtoto kifuani, akapitisha kidole cha shahada juu ya ufizi wa chini hadi kilipofika kwenye ile ncha. Akakiacha hapo.

Mtoto alimng'ata.